Kununua farasi wa kuruka viunzi Mombasa bara: joto na maradhi kwanza, urefu wa kiunzi baadaye

Farasi wa kuruka viunzi ni farasi wa kupandwa aliyefundishwa kupita juu ya vizuizi vya miti vilivyopangwa uwanjani, bila ya kuviangusha na bila ya kugoma mbele yake. Mchezo huo ulionekana kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki mjini Paris mwaka 1900, na katika mashindano ya ngazi ya juu kabisa viunzi hufika urefu wa mita 1.60. Nchini Kenya huchezwa zaidi Nairobi na katika nyanda za juu, na wengi wa farasi wake ni wale waliostaafu mbio katika uwanja wa Ngong wakafundishwa kazi mpya.

Mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayetaka farasi wa aina hiyo hukuta soko dogo mno. Hakuna mnada wa farasi kama ulivyo wa mbuzi na ng'ombe. Wauzaji ni watu binafsi: familia inayohama nchi, mzazi ambaye mtoto wake amekwenda chuo na kuacha farasi bandani, mwenye farasi wawili watatu wa kupandisha wageni ufukweni, au mwalimu wa upandaji anayepunguza idadi ya wanyama wake. Mara nyingi habari ya kwamba farasi fulani anauzwa hupitia kwa saisi au dalali kabla ya kumfikia mnunuzi, na hapo huwa imekwisha kupambwa.

Mnunuzi huyo kwa kawaida huuliza swali moja kabla ya yote: anaruka kiasi gani? Swali hilo si baya, lakini katika Mombasa bara halistahili kuwa la kwanza. Farasi anayepita mita 1.20 kwa wepesi kule Karen aweza kushindwa hata kutembea baada ya miezi mitatu ya Kisauni, na aweza kufa kabla ya masika kwisha. Swali linalotangulia ni hili: farasi huyu amekaa pwani kwa muda gani, na masika mangapi yamempita akiwa hai na mwenye afya?

Pwani na farasi

Ukanda wa pwani ya Kenya haukuwa nchi ya farasi tangu zamani. Mizigo ya misafara iliyotoka Mombasa kuelekea bara ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa mbung'o, ambao waliwaua kwa nagana wanyama wa kubeba mizigo njiani. Wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896, tatizo hilo liliwasumbua wajenzi pia. Punda walistahimili zaidi, na ndiyo maana Lamu imejulikana kwa punda na si kwa farasi.

Mbung'o hawajatoweka. Milima ya Shimba katika Kaunti ya Kwale, iliyo karibu na Likoni kuliko watu wengi wanavyodhani, bado ni makao yao. Kwa hiyo farasi anayeuzwa na mtu wa Kwale au Diani apaswa kupimwa damu kabla ya fedha kutolewa. Dalili za nagana ni homa inayokuja na kuondoka, kukonda ijapokuwa mnyama anakula, ufizi uliopauka, na uvimbe chini ya tumbo na miguuni. Farasi aliyetibiwa nusu nusu huweza kuonekana mzima kwa wiki kadhaa, muda unaomtosha muuzaji kumaliza biashara yake.

Upande wa kaskazini, yaani Nyali, Bamburi na Shanzu, hatari huchukua sura nyingine. Huko fukwe zina ngamia wa kupandisha watalii. Ngamia huweza kubeba vimelea vya sura, ugonjwa ulio ndugu wa nagana, kwa muda mrefu pasipo kuonyesha dalili kubwa. Sura haihitaji mbung'o, kwani chafuo na nzi wengine waumao huihamisha kutoka mnyama hadi mnyama. Kwa farasi asiyetibiwa huwa ni hukumu ya kifo. Mnunuzi anayekuta farasi amefungwa mti mmoja na ngamia, au banda lake li ukuta kwa ukuta na la ngamia, hana budi kumwambia daktari wa mifugo ili damu ipimwe kwa jicho la ugonjwa huo mahususi.

Linaloogopwa kuliko yote ni gonjwa la virusi linalojulikana kama ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo waumao kuanzia machweo hadi mapambazuko, na hushika kasi mvua kubwa inapofuatwa na joto. Punda wengi huugua na kupona, na punda milia hawaonyeshi dalili kabisa. Lakini katika farasi wasiokuwa na kinga vifo vyaweza kufika kiasi cha tisa kati ya kumi. Farasi aliyekuwa akila asubuhi huweza kuwa na povu puani jioni, akafa usiku. Tiba yake haipo, ila chanjo ipo, na hutengenezwa humu nchini na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI. Chanjo hutolewa kila mwaka, na kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka. Muuzaji anayesema farasi wake "amechanjwa" bila ya kuonyesha kitabu chenye tarehe, namba ya chanjo na sahihi ya daktari, ahesabiwe kuwa hajachanja.

Kukauka kwa jasho

Kuna tatizo moja lisilosikika sana kwa watu wa Nairobi, nalo ndilo huwaharibia biashara wanunuzi wa pwani. Farasi hujipoza kwa jasho kama binadamu. Baadhi ya farasi wakihamishiwa mahali penye joto na unyevunyevu hutoka jasho jingi mno mwanzoni, kisha tezi zao huchoka na jasho hupungua au kukauka kabisa. Waingereza waliliona jambo hili kwa farasi wao wa mbio na wa polo katika makoloni ya joto zamani sana, na hadi leo haijapatikana dawa ya kuaminika. Mara nyingi nafuu pekee ni kumrudisha mnyama kwenye baridi.

Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi. Mombasa iko ufukweni, na usiku wa Februari au Machi haupumzishi mnyama. Farasi anayeruka viunzi hufanya kazi ya ghafla na nzito, hivyo akikosa jasho joto la mwili hupanda haraka na aweza kuanguka na mpandaji wake.

Kipimo cha awali ni rahisi, na hakihitaji mashine. Farasi aendeshwe matiti kwa dakika 15 saa nne au saa tano asubuhi, wala si alfajiri kama muuzaji atakavyopendekeza. Akishuka mpandaji, shingo, kifua na mgongo chini ya tandiko vyapasa kuwa vimelowa. Farasi mwenye unyevu kidogo tu chini ya shungi, ngozi kavu yenye vumbi, paji lililonyonyoka manyoya na pua zinazopanuka na kufumba bila kutulia hata baada ya nusu saa, huyo asinunuliwe, hata akiwa ameruka vizuri namna gani. Pakiwa na shaka, daktari anaweza kumdunga dawa kidogo chini ya ngozi na kutazama kama jasho litatoka mahali pale.

Kwa sababu hii farasi wa wastani aliyekwisha kukaa Mtwapa au Diani miaka minne, mwenye kuruka sentimita 90 tu, ana thamani kubwa kwa mtu wa Mombasa bara kuliko bingwa wa Nairobi. Wauzaji wa pwani wanalijua jambo hilo vizuri na hulidai katika bei. Si dhuluma kuwalipa, mradi madai yao yana ushahidi.

Kumkagua

Meno ya mbele husema umri wa farasi kwa kiasi cha kutosha hadi miaka 10 hivi. Akiwa na miaka mitano meno yote ya kudumu huwa yamekwisha kuota. Karibu na miaka 10 mfereji mdogo wenye rangi huanza kuonekana juu ya jino la pembeni la taya la juu, hufika nusu ya jino akiwa na miaka 15 na mwisho wake akikaribia 20. Farasi wa viunzi huwa katika ubora wake takriban kati ya miaka tisa na 14, kwa hiyo miaka 12 si uzee wa kukimbiwa. Kwa mpandaji anayejifunza, farasi mtulivu wa miaka 14 ni salama kuliko wa miaka mitano mwenye nguvu na asiyejua kitu.

Miguu ya mbele ndiyo inayopokea uzito wakati wa kutua, nao ni uzito wa kilo 450 hadi 550 pamoja na mtu. Mkono upitishwe juu ya kano za nyuma ya kila mguu, kutoka goti hadi chini, ukilinganisha kulia na kushoto. Joto, uvimbe au mshtuko wa maumivu ni habari mbaya. Makovu madogo mbele ya miguu si tatizo la afya, lakini huonyesha farasi anayegonga miti.

Pwani ina ujanja wake. Muuzaji hupenda kumwonyesha farasi ufukweni wakati wa maji kupwa, mandhari yakiwa ya kuvutia na mnyama akienda shoti kando ya mawimbi. Mchanga laini huficha maumivu yanayoletwa na ardhi ngumu. Kwa upande wa pili, mchanga mkavu unaotitia hufichua majeraha ya kano, ambayo ardhi ngumu huyafunika. Basi farasi aendeshwe matiti kwa mstari ulionyooka juu ya barabara ngumu, kisha kwa duara juu ya mchanga, pande zote mbili. Daktari atakunja kila mguu kwa muda wa dakika moja hivi na kuuachia, mnyama akimbizwe mara moja. Hatua chache za kuchechemea zitakazozidi baada ya hapo huhitaji maelezo.

Malisho nayo huacha alama. Baadhi ya nyasi za nchi za joto zina chumvi zinazozuia madini ya chokaa yasiingie mwilini, na pumba nyingi huzidisha hasara hiyo. Farasi aliyelishwa hivyo kwa muda mrefu mifupa yake hulainika, uso huvimba pande zote mbili juu ya mashavu, na kuchechemea kwake huhama kutoka mguu huu hadi ule. Mwenye kuruka kwa mifupa ya namna hiyo anajivunja. Yafaa kuuliza farasi amekula nini mwaka mzima na kuona ghala lenyewe. Farasi mmoja huhitaji takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na nyasi nzuri za Boma Rhodes husafirishwa kutoka bara kwa gharama. Anayezikosa hutafuta mbadala, na hapo ndipo makosa huanzia.

Kumjaribu

Mnunuzi afike kabla ya saa aliyoambiwa. Farasi aliyekwisha kuoshwa na kutandikwa, mwili ukiwa na joto, huenda amechoshwa makusudi ili aonekane mpole, au amepashwa moto ili mguu uliokakamaa ulegee. Ni afadhali kumkuta bandani, kuona anavyokubali kushikwa, kuinua kwato na kuvishwa hatamu.

Muuzaji au mtu wake apande kwanza. Muuzaji anayekataa kumpanda farasi wake mwenyewe amekwisha kusema jambo. Baada ya hapo mnunuzi apande, aanze kwa hatua, matiti na shoti, ndipo aingie kwenye miti iliyolazwa chini, kisha kiunzi cha chini kilichopangwa kama herufi X, kisha cha nusu mita. Hakuna haja ya kwenda juu siku hiyo. Kinachotazamwa ni kama farasi anakiendea kiunzi kwa mwendo uleule bila kukimbilia wala kusita, kama anatua na kuendelea akiwa mtulivu, na kama anakubali kiunzi asichokizoea, kwa mfano boksi lililofunikwa kanga ya rangi kali. Farasi wengi huruka viunzi vya nyumbani kwao kwa mazoea. Siku ya pili, ikiwezekana, ajaribiwe uwanja mwingine, na apakiwe kwenye lori mbele ya mnunuzi.

Daktari achukue damu siku ileile ya majaribio. Sehemu ipimwe vimelea, na sehemu ihifadhiwe, ili ikitokea kwamba mnyama alikuwa amepewa dawa ya maumivu au ya kumtuliza, ushahidi uwepo. Daktari huyo awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, alipwe na mnunuzi, wala asiwe yule amtibuye farasi kila siku kwa niaba ya muuzaji.

Haya hayana maana kwamba macho ya mnunuzi hayana kazi. Mwaka 1956 huko Pennsylvania, Marekani, mwalimu wa upandaji Harry de Leyer alimnunua kwa dola 80 farasi wa shamba aliyekuwa amekwisha kupakiwa kwenye lori la kupelekwa machinjoni. Baadaye akamuuza kwa jirani, lakini farasi huyo akawa anaruka nyua za mashamba na kurudi kwake, ndipo mwenyewe alipotambua alichokuwa nacho. Farasi huyo, Snowman, alitwaa ubingwa wa taifa wa kuruka viunzi mwaka 1958 na 1959. Naye Huaso wa Chile, aliyeruka mita 2.47 tarehe 5 Februari 1949, rekodi ambayo haijavunjwa, alikuwa farasi wa mbio asiyefanikiwa. Hadithi hizo hupendwa sana na madalali.

Hati na sheria

Kwa mujibu wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mtu binafsi asiyefanya biashara ya kuuza farasi hahesabiwi kuwa amedhamini ubora wa mnyama wake. Mnunuzi akigundua ugonjwa wiki mbili baadaye, kilio chake hakina mguu wa kusimamia iwapo hakuna kilichoandikwa. Lakini sheria hiyohiyo inambana muuzaji yeyote, binafsi au mfanyabiashara, katika mambo mawili: awe na haki ya kuuza, na mnyama alingane na maelezo yaliyotolewa. Ndiyo sababu maelezo yawekwe kwenye karatasi. Hati iseme umri, rangi na alama za farasi, urefu wake mabegani, namba ya chipu ikiwa anayo, muda aliokaa pwani, tarehe za chanjo, maradhi aliyopata kuugua, na urefu wa viunzi ambavyo amekuwa akiruka. Neno "mzima" lisiachwe peke yake.

Haki ya kuuza ni jambo la kuchunguzwa kwa makini, hasa farasi anapouzwa na saisi au rafiki wa mwenyewe aliye ng'ambo. Barua ya idhini haitoshi; mwenye farasi azungumze na mnunuzi moja kwa moja, na malipo yaende kwake. Farasi aliyewahi kukimbia Ngong ana kumbukumbu za ukoo na mbio zake katika Jockey Club of Kenya, na humo jina la mmiliki na umri huweza kulinganishwa na madai ya muuzaji.

Kwa wakazi wengi wa Mombasa kuna kanuni nyingine inayotangulia sheria ya nchi. Fiqhi ya Kiislamu humlazimu muuzaji kutaja aibu anayoijua katika bidhaa yake, na humpa mnunuzi hiari ya kurudisha akigundua iliyofichwa. Kanuni hiyo huamua migogoro mingi barazani, mbele ya wazee, kabla haijafika mbali. Hata hivyo Mahakama ya Kadhi haina mamlaka juu ya mauzo ya farasi, kwani Katiba imeipa masuala ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Dai la fedha lisilozidi Sh1 milioni laweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambako mlalamishi si lazima awe na wakili.

Safari na siku za kwanza

Kibali cha kumhamisha mnyama hutolewa na afisa wa mifugo chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, na ni wajibu kujua kabla ya safari nani kati ya muuzaji na mnunuzi atakitafuta. Farasi anayetoka Nairobi ana karibu kilomita 480 za barabara mbele yake, sehemu kubwa ikiwa ni nyika yenye joto. Asafirishwe usiku, na anyweshwe maji kila baada ya saa chache. Anayetoka Diani kwenda Changamwe au Kisauni hahitaji tena kusimama juani kwenye foleni ya feri ya Likoni, kwani barabara ya Dongo Kundu huunganisha pwani ya kusini na Miritini bila kuvuka kivuko.

Banda liwe tayari kabla ya mnyama kufika: lenye upepo, wavu wa matundu madogo kwa ajili ya usubi, na maji yasiyokatika. Katika joto la Mombasa farasi hunywa zaidi ya lita 50 kwa siku, na mitaa ambayo bomba hutoa maji mara moja kwa wiki hulazimika kununua kwa mikokoteni. Changamwe, penye malori na nafasi finyu, wengi huona afadhali kulipia banda Utange au Mwakirunge kuliko kumfuga nyumbani.

Kwa wiki mbili za kwanza farasi mgeni atengwe na wengine, aingizwe ndani kabla ya jua kuchwa, na apimwe joto asubuhi na jioni. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Likizidi hapo akiwa amepumzika, daktari aitwe siku hiyohiyo, damu ichukuliwe tena, na muuzaji aarifiwe kwa maandishi. Kuruka kusianze kabla ya mwezi kwisha, na mazoezi yafanywe alfajiri.